Kuomba Nafasi ya Kusomea Udaktari: Kwa Nini Kikao cha Oktoba Kimechelewa



Kila mwaka, kuanzia mwezi Septemba, ofisi yetu hupokea barua kutoka vigango vya Kibaha na Kisarawe zikieleza kwamba kijana fulani amefaulu vizuri masomo ya sayansi, anataka kusomea udaktari, na familia yake haina uwezo. Barua hizo huja na muhuri wa serikali ya kijiji na sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya. Nyingi ni za kweli na zinagusa moyo. Tatizo ni kwamba zinapofika mezani kwetu, mara nyingi muda wa kumsaidia kijana huyo kwa mwaka ule umekwisha pita.

Katika toleo hili tumeona ni vema tueleze jambo ambalo tumeulizwa mara nyingi na kamati zetu: ni wakati gani hasa maombi ya chuo cha udaktari yanatakiwa kupelekwa, na kamati ifanye nini kabla ya wakati huo. Tunaeleza pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe, ili lisirudiwe.

Kosa letu

Miaka michache iliyopita binti mmoja kutoka kijiji cha ndani wilayani Kisarawe alimaliza kidato cha 6 katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani PCB. Matokeo yake yalikuwa mazuri kuliko ya wengi tuliowahi kuwasaidia. Baba yake alikwisha fariki, na mama yake anaishi kwa kilimo cha mihogo na mikorosho michache.

Matokeo yalipotoka mwezi Julai, binti alikuwa katika kambi ya JKT mkoa mwingine. Nyumbani hakukuwa na cheti chake cha kuzaliwa wala cheti cha kifo cha baba. Mama alikwenda Kisarawe mjini mara 3 kufuatilia vyeti hivyo, na kila safari alikopa nauli. Alipovipata, dirisha la kwanza la udahili lilikwisha fungwa. Binti aliporudi aliomba katika awamu ya pili, akakuta kwamba vyuo alivyovitaka havikuwa na nafasi za udaktari zilizobaki. Sisi tulikaa kikao chetu cha kugawa misaada mwezi Oktoba, kama ilivyokuwa kawaida yetu, na tukampitishia fedha ya ada. Tulikuwa na fedha ya ada kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa na chuo.

Tulipoyapitia mambo hayo kwa utulivu tuligundua kwamba kilichomkwamisha kilikuwa kidogo: nauli, ada ya vyeti, na mtu wa kumfuatilia karatasi zake wakati yeye yupo kambini. Kama tungekaa mwezi Machi na kumpa msaada huo mdogo, angeingia chuoni mwaka ule ule. Alisubiri mwaka mzima. Aliomba tena mwaka uliofuata akiwa na karatasi zote mkononi, akapata nafasi, na sasa anaendelea na masomo. Lakini mwaka ule hatuwezi kumrudishia.

Jinsi udahili unavyokwenda siku hizi

Baadhi ya wanakamati wetu bado wanakumbuka utaratibu wa zamani. Kuanzia mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Utaratibu huo ulibadilishwa mwaka 2017. Tangu hapo mwombaji hutuma maombi yake moja kwa moja kwa kila chuo anachokitaka, kupitia tovuti ya chuo hicho, na hulipa ada ya maombi kwa kila chuo. TCU hubaki na kazi ya kupanga kalenda, kuweka sifa za chini na kuthibitisha majina ya waliochaguliwa.

Mitihani ya kidato cha 6 hufanyika mwezi Mei na matokeo hutoka mwezi Julai. Baada ya matokeo, TCU hufungua dirisha la kwanza. Kwa mfano, kwa mwaka wa masomo 2024/2025 dirisha hilo lilifunguliwa tarehe 15 Julai 2024 na kufungwa tarehe 10 Agosti 2024. Yaani ni majuma yasiyozidi 4. Tarehe hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kila kamati ifuatilie tangazo la TCU la mwaka husika.

Baada ya dirisha la kwanza, vyuo huchagua waombaji, majina huthibitishwa, na awamu ya pili hufunguliwa mwezi Septemba. Ikumbukwe kwamba awamu ya pili ni ya masomo ambayo bado yana nafasi. Udaktari ni miongoni mwa masomo yanayogombewa sana, hasa katika vyuo vya umma. Kwa sababu hiyo, anayetaka udaktari asiihesabu awamu ya pili kama nafasi yake. Aomba katika awamu ya kwanza.

Tumeulizwa pia kama anayeomba siku ya kwanza anamtangulia anayeomba siku ya mwisho. Jibu ni hapana. Vyuo huchagua kwa kulinganisha ufaulu baada ya dirisha kufungwa, na anayewahi haongezewi alama. Hata hivyo tunashauri maombi yapelekwe katika juma la kwanza au la pili. Siku za mwisho mtandao huelemewa, malipo huchelewa kuonekana, na aliyekosea jina au namba ya mtihani hakosi tu, bali hukosa pia muda wa kurekebisha.

Kwa wahisani wetu wa nje

Wahisani wetu wengi wanaishi katika nchi ambazo kalenda ni nyingine kabisa. Uingereza, maombi ya udaktari hufungwa katikati ya Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Marekani mtu husoma shahada ya kwanza kabla ya kuingia chuo cha udaktari, na maombi huanza kupelekwa mwishoni mwa Mei au Juni kwa ajili ya masomo yatakayoanza mwaka unaofuata. Huko vyuo vingi huyasoma maombi kadiri yanavyofika, hivyo anayewahi hunufaika.

Tunaeleza haya kwa sababu michango mingi hutufikia kati ya Oktoba na Desemba, kwa kudhani kwamba huo ndio msimu wa maandalizi. Kwetu, kuanzia matokeo ya kidato cha 6 hadi siku ya kuripoti chuoni ni kama miezi 3 au 4 tu, na Oktoba wanafunzi wako njiani kwenda chuoni. Mchango wa Desemba tunaushukuru sana, na tumeamua kuutumia kwa maandalizi ya waombaji wa mwaka unaofuata.

Lipo pia jambo la fedha za familia zenyewe. Kisarawe wazazi wengi hutegemea korosho, na mauzo ya korosho huanza karibu Oktoba. Mwezi Julai, wakati ada za maombi zinapotakiwa, ndani ya nyumba hakuna kitu. Kijana anaweza kuwa na daraja la kwanza na mama yake asiwe na fedha ya kulipia maombi ya chuo hata kimoja. Hapo ndipo kamati ya parokia inapohitajika.

Sifa zinazotakiwa

Anayetoka kidato cha 6 anatakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa kiwango cha chini cha alama 6, na asiwe na daraja lililo chini ya D katika somo lolote kati ya hayo. Katika hesabu hiyo A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D 3 ana alama 6 kamili, na anaruhusiwa kuomba.

Lakini kuruhusiwa kuomba na kuchaguliwa ni mambo mawili tofauti. Mwenye alama 6 anashindana na wenye alama 12 na 15. Hivyo mshauri mwema hamwambii kijana aombe chuo kimoja tu. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1963, ndiyo iliyokuwa mwanzo wa mafunzo hayo nchini. Leo mbali na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ipo KCMC mjini Moshi, Bugando mjini Mwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililopo Mbeya, Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara, Kairuki jijini Dar es Salaam na vingine. Tunashauri kila mwombaji achague vyuo visivyopungua 3: kimoja kinachogombewa sana, na vingine ambako ufaulu wake una nafasi nzuri. Kabla ya kuchagua chuo binafsi familia iulize ada ya mwaka mzima, kwa sababu masomo ni miaka 5, na baada yake upo mwaka 1 wa mafunzo kazini kabla ya usajili kamili wa udaktari.

Njia ya pili, na shimo lililomo

Si kila daktari alipitia kidato cha 6. Ipo njia ya utabibu, na sisi wa Pwani tunaifahamu vizuri kwa sababu chuo kipo jirani. Kituo cha Elimu Kibaha kilianza kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki mwaka 1963, kikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Ndani ya Shirika la Elimu Kibaha zipo shule, hospitali ya Tumbi ilikulia hapo, na kipo chuo cha afya kinachofundisha matabibu.

Stashahada ya utabibu huchukua miaka 3. Aliyemaliza kidato cha 4 anaweza kuomba akiwa na ufaulu wa masomo 4 yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Tabibu aliyemaliza na kupata wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0, anaweza baadaye kuomba shahada ya udaktari.

Shimo lipo hapa. Kuingia stashahada, ufaulu wa Hisabati na Kiingereza ni nyongeza tu. Lakini tabibu anapotaka kwenda shahada ya udaktari, hutakiwa awe na angalau D za kidato cha 4 katika Hisabati, Kiingereza, Kemia, Baiolojia na Fizikia. Tumekutana na kijana mmoja wa Kibaha, tabibu mwenye bidii na matokeo mazuri ya stashahada, aliyegundua baada ya miaka 3 kwamba F ya Hisabati ya kidato cha 4 imemfungia mlango. Alilazimika kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, akiwa tayari ni mtu wa kazi, akifanya hesabu usiku baada ya zamu ya wodi.

Kwa hiyo kijana anayepata matokeo ya kidato cha 4 mwezi Januari na ana F ya Hisabati au Kiingereza, asiambiwe kwamba mambo yameisha, wala asiambiwe kwamba haina neno. Ashauriwe kurudia somo hilo mapema. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika mwanzoni mwa mwaka, kuanzia Januari, kwa mtihani wa Novemba.

Maombi ya stashahada za afya yana dirisha lake, linalosimamiwa na Baraza la NACTVET. Miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa karibu na mwezi Mei, yaani kabla ya dirisha la vyuo vikuu. Anayesubiri Julai kwa kudhani vyuo vyote hufunguliwa pamoja, atakuta wenzake wamekwisha tangulia.

Karatasi zinazochelewesha watu

Katika uzoefu wetu, wanaokwama kwa sababu ya karatasi ni wengi kuliko tulivyodhani. Karatasi hizo ni hizi:

1. Cheti cha kuzaliwa. Vijana wengi wa vijijini wanacho cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki tu. Hivyo havitoshi kwa Bodi ya Mikopo, lakini hutumika kama ushahidi wa kuombea cheti cha kuzaliwa kwa Wakala wa Usajili, RITA. Hapa parokia ina kazi ya moja kwa moja. Makatekista waangalie kitabu cha ubatizo na kutoa nakala bila kumzungusha mtu. Kwa familia za Kiislamu, ambazo tunazihudumia sawa na nyingine, kamati iwaelekeze wazazi wakusanye cheti cha shule ya msingi, kadi ya kliniki na barua ya mtendaji wa kijiji.

2. Cheti cha kifo cha mzazi. Yatima asiye na cheti hiki hawezi kuthibitisha uyatima wake kwa Bodi ya Mikopo, hata kama kijiji kizima kilikuwepo mazikoni.

3. Uhakiki. Haitoshi kuwa na vyeti hivyo mkononi. Bodi ya Mikopo huvitaka vikiwa vimehakikiwa na RITA, na uhakiki nao unahitaji siku zake.

4. Majina. Jina la cheti cha kuzaliwa lilingane na jina la vyeti vya mtihani. Tumeona binti aliyeandikwa jina la babu shuleni na jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa. Kurekebisha jambo hili mwezi Agosti ni mateso. Mwezi Februari ni safari mbili tu.

5. Kitambulisho cha Taifa cha mdhamini. Mdhamini huwa ni mzazi, mlezi au ndugu, na taarifa zake hutakiwa kwenye fomu ya mkopo.

6. Namba ya simu. Hili tunalisisitiza. Mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri kwa simu ili athibitishe chuo kimoja anachokitaka. Wapo vijana walioandika namba ya mwenye duka la kompyuta aliyewajazia fomu, na ujumbe ukaishia kwenye simu ya mtu asiyewafahamu. Kila mwombaji aandike namba ambayo yeye au mzazi wake ataishika hadi siku ya kuripoti.

Kwa mtu wa Mzenga au Vikumburu, kwenda Kisarawe mjini na kurudi ni shughuli ya kutwa, na wakati wa masika inaweza kuwa zaidi. Karatasi 4 zinaweza kuwa safari 8. Ndiyo maana tunasema kazi hii haiwezi kufanyika ndani ya majuma 4 ya dirisha.

JKT na mwombaji asiyekuwepo nyumbani

Vijana wanaomaliza kidato cha 6 huitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Mafunzo huanza mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni na huchukua miezi 3. Sisi wa Kibaha tunaiona kambi ya Ruvu karibu yetu, lakini watoto wetu hupangwa katika makambi ya mikoa mbalimbali. Dirisha la vyuo linapofunguliwa katikati ya Julai, mwombaji mwenyewe yuko kambini, ambako matumizi ya simu yana taratibu zake.

Hivyo kabla kijana hajaondoka kwenda kambini, mambo 3 yawe yamekamilika. Kwanza, nakala za vyeti vyote zikae kwa mzazi na nyingine kwa katibu wa kamati. Pili, kijana mwenyewe aandike kwa mkono wake vyuo na masomo anayoyataka, kwa mpangilio wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na atakachochagua kama matokeo yatakuwa chini ya alivyotarajia. Mwombaji ndiye atakayesoma miaka 5, si mjomba wala mwenyekiti wa kamati. Tatu, ajulikane mtu mmoja mwaminifu, ndugu wa karibu, atakayejaza maombi kwa ridhaa yake na kutunza nywila. Mtu wa barabarani anayejiita wakala asipewe nafasi hiyo. TCU imekuwa ikionya kila mara kwamba mwombaji awasiliane na chuo moja kwa moja.

Mkopo hausubiri udahili

Kosa lingine ni kufikiri kwamba mtu huomba mkopo baada ya kupata chuo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HESLB, ina dirisha lake, na hupishana au kwenda sambamba na la vyuo. Kwa mwaka 2024/2025 lilifunguliwa mwanzoni mwa Juni 2024, kabla hata matokeo ya kidato cha 6 hayajatoka. Ada ya maombi ni shilingi 30,000. Fomu huchapishwa, hutiwa sahihi na muhuri na serikali ya kijiji au mtaa na hakimu au wakili, kisha hurudishwa kwenye mfumo. Namba ya mtihani wa kidato cha 4 iliyotumika kuomba mkopo iwe ile ile iliyotumika kuomba chuo. Aliyerudia mtihani na kuwa na namba mbili awe mwangalifu sana hapa.

Kwa wanafunzi waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi, upo pia ufadhili wa Serikali uitwao Samia Skolashipu, ulioanza mwaka 2022/2023. Aidha, kuanzia 2023/2024 Bodi ilianza kutoa mikopo kwa baadhi ya stashahada za kipaumbele, zikiwemo za afya. Kamati isitumie fedha ya parokia kulipia jambo ambalo kijana anaweza kulipata serikalini kwa kujaza fomu mapema. Fedha yetu ni kidogo, iende pale ambapo hakuna mwingine wa kulipa.

Kalenda tunayoipendekeza

Januari: Matokeo ya kidato cha 4. Kamati iwaite wote wenye nia ya fani za afya, iwapime kwa masomo, na iwashauri wanaohitaji kurudia Hisabati au Kiingereza wajisajili.

Februari: Wanafunzi wa kidato cha 6 watambuliwe, wakiwa Minaki, Kibaha au shule za mbali. Vyeti vyao vikaguliwe kimoja kimoja.

Machi: Kikao cha misaada midogo, yaani nauli, vyeti, uhakiki na ada za maombi. Kikao hiki kisivuke Pasaka.

Aprili na Mei: Ufuatiliaji wa vyeti ukamilike. Maombi ya stashahada yaanze. Orodha za vyuo ziandikwe kabla ya safari ya JKT.

Juni: Mwongozo wa Bodi ya Mikopo usomwe na fomu zianze kujazwa.

Julai: Matokeo ya kidato cha 6. Maombi ya vyuo yapelekwe ndani ya majuma 2 ya kwanza ya dirisha.

Agosti na Septemba: Simu zishikwe. Majina yafuatiliwe, chuo kithibitishwe, na aliyekosa aombe awamu ya pili kwa masomo mengine ya afya kama uuguzi, famasia au maabara.

Oktoba: Kikao cha ada na mahitaji ya kuripoti, kwa waliokwisha pata chuo.

Mtaona kwamba kikao cha Oktoba hatujakifuta. Tumekitanguliza na kikao cha Machi, ambacho fedha yake ni ndogo lakini ndicho kinachoamua nani atafika kwenye kile cha Oktoba.

Tunachoomba

Kwa kamati za parokia, tunaomba kila moja iteue mtu mmoja, awe mwalimu, katekista au mtumishi mstaafu, atakayetunza daftari la waombaji na kufuatilia matangazo ya TCU, NACTVET na Bodi ya Mikopo. Jina lake lifike ofisini kwetu kabla ya mwisho wa Januari. Zipo parokia ambazo hazina mtu anayeweza kutumia kompyuta. Zituambie bila kuona haya, tutapanga siku ya pamoja Kibaha na nyingine Kisarawe.

Kwa wahisani, tunaomba sehemu ndogo ya mchango wenu wa mwaka itengwe kwa ajili ya Machi. Tunajua kwamba si rahisi kuwaeleza watu kwamba fedha yao ilitumika kwa nauli ya mama kwenda kufuata cheti cha kifo. Picha yake si nzuri kama ya kijana aliyevaa koti jeupe. Lakini sisi tulioandika barua ya pole kwa binti yule wa Kisarawe tunajua kwamba koti lile lilianzia kwenye nauli.

Vijiji vyetu bado vina zahanati ambazo mgonjwa mahututi husafirishwa saa nyingi kumfikia daktari. Huenda daktari wake yuko kidato cha 6 mwaka huu, na cheti chake cha kuzaliwa bado hakijaombwa. Tumsaidie sasa.